Gari Linalofaa na Kufurahisha: Utangulizi kwa Mnunuzi wa Gari Lililotumika

Ikiwa unajiwekea akiba ya kununua gari lako la kwanza, au unalo linalokufikisha kazini lakini halikupi raha yoyote, somo hili ni lako. Wengi huliingia kwa woga, na si ajabu. Huyu atakuapia kwamba nje ya Toyota hakuna gari. Yule atakwambia aliyezoea Subaru harudi nyuma. Dalali naye kila analolinadi lilikuwa la daktari aliyekuwa akilitumia kwenda kanisani tu. Mwisho unabaki na maneno mengi na maarifa machache. Nataka nikupe misingi, ili maneno hayo ukiyasikia tena uweze kuyapima mwenyewe.

Nianze na dai ambalo kurasa hizi zitalitetea: kwa mtu mwenye bajeti ndogo, gari linalofaa na gari linalofurahisha mara nyingi ni gari lilelile. Wepesi, ufundi usio na makuu na uzima wa mitambo ndivyo vinavyopunguza gharama zako za kila mwezi. Hivyohivyo ndivyo vinavyolifanya gari liitikie usukani na likupe hamu ya kuzunguka njia ndefu kurudi nyumbani.

Safari kwanza, gari baadaye

Kabla hujatazama gari lolote, chukua karatasi uandike safari zako za wiki nzima: unakwenda wapi, umbali gani, na nani, umebeba nini, na barabara ya mwisho kufika kwako ikoje. Jambo hili ni dogo, lakini hapa ndipo wanunuzi wengi hujikwaa. Mtu anaishi Tabata jijini Dar es Salaam na anafanya kazi Posta, lakini akichagua gari anafikiria safari ya Desemba ya kwenda kwao Moshi. Ananunua gari kubwa kwa ajili ya wiki moja, kisha analilisha mafuta wiki nyingine zote za mwaka kwenye foleni. Nunua gari la safari zako za kila siku. Desemba ikifika, mabasi yapo, na magari ya kukodi yapo.

Katika orodha hiyo usisahau mwinuko wa gari, yaani nafasi iliyopo kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya gari. Kama mtaa wako una mashimo na mitaro ya mvua, gari lililokaa chini litagonga kila siku. Lakini usiruke kutoka hapo hadi kwenye gari kubwa. Magari mengi madogo hupita vizuri kwenye barabara ya vumbi ikiwa springi na shokapu zake ni nzima na dereva hana haraka.

Bei si gharama

Tofautisha vitu viwili. Bei ni fedha unayompa muuzaji siku ya kununua. Gharama ya kumiliki ni kila kinachofuata: bima, mafuta, matairi, sevisi na spea. Gari la bei ndogo linaweza kuwa na gharama kubwa, na mnunuzi asiyelijua hilo huishia kuegesha gari uani kwa sababu hana fedha ya gia boksi.

Kanuni ninayowapa wanaoanza ni kutenga sehemu moja kati ya sita ya bajeti. Ukiwa na milioni 12, tafuta gari la milioni 10. Hizo mbili zitanunua matairi, betri, vilainishi vipya na bushi zilizochakaa, na kila gari lililotumika lina kitu kinachosubiri kubadilishwa.

Kisha, kabla moyo haujalipenda gari, nenda madukani kwanza: Gerezani pale Kariakoo ukiwa Dar es Salaam, au Kirinyaga Road ukiwa Nairobi. Uliza bei ya vitu vinne vya gari unalolitaka: shokapu za mbele, pedi za breki, taa ya mbele na gia boksi iliyotumika. Gari lenye ndugu wengi barabarani lina spea nyingi, bei zake zinashindana, na mafundi wanalijua. Ukiona muuza duka anakuna kichwa na kukuambia itabidi uagize, umeshajifunza jambo kubwa bila kutoa senti.

Magari haya yametoka wapi

Sehemu kubwa ya magari yaliyotumika yanayoingia Afrika Mashariki hutoka Japani. Sababu ya kwanza iko wazi: Japani, Tanzania, Kenya na Uganda zote huendesha upande wa kushoto, hivyo usukani wa kulia unatufaa kama ulivyo. Sababu ya pili ni ukaguzi wa lazima wa Japani unaoitwa shaken. Gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo pamoja na kodi na bima zinazoambatana nao ni ghali, kwa hiyo Wajapani wengi huuza magari ambayo bado yana maisha marefu mbele yake.

Mengi hupita mnadani, na kila gari la mnadani huandikiwa karatasi ya ukaguzi. Jifunze kuisoma. Alama ya jumla ya 4 au 4.5 ni gari zuri; 3.5 ni gari lenye uchakavu wa kawaida. R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Ndani ya gari hupewa herufi: A ni safi sana, kisha B, C na kuendelea kushuka. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipokarabatiwa, na S ni kutu. Namba inayofuata huonyesha ukubwa, hivyo A1 ni mkwaruzo mdogo na A3 ni mkubwa. Ukimwomba muuzaji karatasi hii akaanza kuzungukazunguka, ongeza umakini.

Ukiamua kuagiza mwenyewe utakutana na vifupisho viwili. FOB ni bei ya gari likiwa limepakiwa melini kule Japani. CIF ni bei hiyo pamoja na bima na nauli ya meli hadi bandari yetu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichojumlisha kodi, na hapo ndipo wageni wengi hushtuka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8. Tanzania inaruhusu magari makongwe zaidi, ila hutoza ushuru wa ziada kwa umri, na injini kubwa nayo hutozwa zaidi. Pitia kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla hujatuma fedha Japani. Ukinunua gari lililokwisha kusajiliwa nchini, kodi hizo zimeshalipwa, na unaweza kulishika na kuliendesha kabla ya kulipa. Kwa anayeanza, faida hiyo ni kubwa.

Raha ya kuendesha inatoka wapi

Sasa tuingie kwenye kiini cha somo. Wengi hudhani raha ya gari ni ukubwa wa injini. Tuhesabu pamoja. Toyota IST yenye injini ya cc 1500 ina nguvu za farasi 109 hivi na uzito unaozidi tani moja kidogo tu. Toyota Harrier ya kizazi cha pili yenye injini ya cc 2400 ina nguvu 160, lakini uzito wake unakaribia tani 1.6. Gawanya nguvu kwa uzito: IST inapata kama 105 kwa kila tani, Harrier kama 100. Kipimo hiki huitwa uwiano wa nguvu na uzito, nacho ndicho kinachoeleza gari litakavyoondoka kwenye taa. Ukubwa wa injini peke yake haukuambii hilo.

Uzito unagusa mambo mengine pia. Gari jepesi huhitaji nguvu ndogo kulisimamisha, hukata kona kwa urahisi, hutumia mafuta kidogo, na hula matairi na pedi za breki polepole. Unaona sasa kwa nini nilisema manufaa na raha vinatoka kwenye mzizi mmoja.

Jambo la pili ni kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambayo ni kana kwamba uzito wote wa gari umekusanyika hapo. Mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani hageuki kwa kasi kama aliyeishika mkononi, ingawa maji ni yaleyale. Gari refu kwenda juu hulala kwenye kona. Gari lililokaa chini hutulia. Pita barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto, ambako kona moja huzaa nyingine hadi juu ya milima ya Usambara, na utaielewa fizikia hii kwa mwili wako. Pale dereva wa gari dogo lenye shokapu nzima anapanda huku akitabasamu, akiwa ndani ya sheria na bila kumtia mtu hofu. Katika nchi ambayo maeneo ya makazi yanakutaka usizidi kilomita 50 kwa saa, gari linalofurahisha kwenye kasi ndogo lina thamani kuliko linalohitaji 140 ndipo likuchangamshe.

La tatu ni matairi. Vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa lami kwa eneo linalokaribia kiganja chako, ndivyo pekee vinavyolishikilia gari barabarani. Tairi huandikwa namba nne pembeni zinazoonyesha wakati lilipotengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi mapya ya heshima yatabadilisha tabia ya gari kuliko rimu za kung'aa.

Injini na gia boksi

Ndani ya injini, vali hufunguka na kufungika kwa kufuata mwendo wa pistoni. Kinachoziunganisha ni ama mkanda wa taimingi, ambao ni wa mpira, ama cheni ya taimingi, ambayo ni ya chuma. Mkanda hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, injini nyingi huharibika vibaya kwa sababu pistoni hugongana na vali. Cheni hudumu sana ikiwa oili inabadilishwa kwa wakati. Injini za Toyota za 1NZ na 2NZ, zilizomo kwenye IST, Vitz na Probox nyingi, hutumia cheni. Injini ya Subaru ya EJ20 hutumia mkanda. Kwa hiyo usiulize tu "injini ikoje?" Uliza mkanda ulibadilishwa lini, na nani, na risiti iko wapi.

Gia boksi ziko za aina tatu kuu. Ya mkono hukutaka ukanyage klachi na kuchagua gia mwenyewe. Ni rahisi kutengeneza na inampa dereva mamlaka yote, ingawa inachosha kwenye foleni. Ya otomatiki ya kawaida hubadilisha gia zake yenyewe. CVT haina gia za hatua kwa hatua: mkanda wa chuma huzunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, hivyo gari huongeza mwendo bila kushtuka. CVT huokoa mafuta, lakini inahitaji oili yake maalumu. Ukitia ya otomatiki ya kawaida kwa kuwa ni rahisi, utalipia baadaye.

Mifano ya kuanzia

Sikupi orodha ya kufuata kwa kufumba macho. Tumia magari haya kujizoeza kuyaona yale tuliyojifunza.

Toyota IST ya kwanza, iliyotoka mwaka 2002, ni darasa zuri la mwanzo: nyepesi, spea kila kona, na rahisi kuuza tena. Herufi na tarakimu za mwanzo za namba ya chesisi hukuambia injini: NCP60 ni ya cc 1300, NCP61 ni ya cc 1500. Probox, iliyotoka mwaka huohuo, ni ya kazi waziwazi, yenye sakafu ndefu ya mizigo. Wasafirishaji wa miraa wa Meru wanaitegemea kwa mwendo na uvumilivu wake. Kwa mwenye duka au mwenye familia na mizigo, ni vigumu kupata gari linalofaa zaidi, na bila mzigo linachangamka kuliko sura yake inavyoonyesha.

Mazda Demio ya kizazi cha mwaka 2007 inastahili kutazamwa kwa makini. Wakati watengenezaji wengine walikuwa wakikuza magari yao, Mazda waliipunguza Demio takriban kilo 100 kulinganisha na iliyotangulia, na mwaka 2008 ikatunukiwa tuzo ya Gari Bora la Mwaka Duniani. Suzuki Swift nayo ina usukani mchangamfu, na toleo lake la Sport lenye chesisi ya ZC31S lina injini ya cc 1600 na nguvu kama 125 kwenye mwili wa tani moja na kidogo. Ukiipata nzima, umepata gari la sokoni Jumamosi asubuhi na la mlimani Jumamosi jioni.

Ukitaka kupanda ngazi moja, ipo Subaru Impreza. Injini yake ya boksa ina pistoni zilizolala kushoto na kulia, hivyo imekaa chini na kushusha kitovu cha uzito, na magari yake mengi hupeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne. Barabara ya matope utaipenda. Ila inataka mafuta zaidi, na fundi anayeijua. Toyota Altezza husukumwa na magurudumu ya nyuma, na mgawanyo huo wa kazi, mbele yakigeuza na nyuma yakisukuma, huwapa madereva wengi raha ya pekee. Tahadhari yake ni kwamba nyingi zimeshapita mikononi mwa vijana wenye haraka na zimebadilishwa vitu vingi. Gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani ndilo la kutafuta.

Kulikagua kwa mkono wako

Mwambie muuzaji utakuja asubuhi na mapema, na umwombe asiliwashe gari. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, mtu amelipasha kabla yako, na injini iliyopashwa huficha ugonjwa. Injini ikiwa ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta utazame maji: yawe na rangi safi, yasiwe na mafuta yanayoelea. Fungua mfuniko wa oili utazame upande wake wa ndani. Ukiona povu zito la rangi ya maziwa, huenda maji na oili vimechanganyika, dalili ya gasketi ya silinda hedi iliyoungua.

Sasa washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izime baada ya injini kuwaka. Ikiwa haiwaki kabisa, huenda kuna mtu aliyeizima ili usiione. Piga stata, uzunguke nyuma kutazama moshi. Mvuke mwepesi wa asubuhi unaotoweka ni wa kawaida. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta yanayozidi. Mweupe mzito usiokwisha ni maji yanayoingia ndani ya silinda.

Kwenye bodi, tazama nafasi kati ya milango na kati ya boneti na madigadi: ziwe sawa pande zote. Tazama vichwa vya nati za madigadi. Rangi iliyochubuka inaonyesha spana imepita hapo. Inua zulia la buti utazame chini yake. Vuta mikanda ya viti hadi mwisho wake. Matope yaliyokauka kwenye mkanda ni ushahidi wa gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko. Kama kilomita zinasomeka 60,000 lakini mpira wa pedali ya breki umelika na usukani umekuwa laini, amini pedali.

Kisha liendeshe, redio ikiwa imezimwa na dirisha liko wazi. Tafuta barabara mbovu usikilize milio ya chini. Kwenye uwanja, kata usukani wote uzunguke taratibu. Mlio wa ka-ka-ka unatoka kwenye viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Funga breki kwa nguvu mahali salama uone kama gari linavuta upande. Sikiliza gia zinavyoingia. Ukirudi, zima, subiri kidogo, washa tena, halafu utazame chini kama kuna kinachodondoka.

Baada ya hapo mpeleke fundi, awe wako, anayejua aina hiyo, na umlipe wewe mwenyewe. Sasa mtazungumza lugha moja, na utayaelewa anayokuonyesha.

Karatasi

Linganisha namba ya chesisi iliyochongwa kwenye gari na ile ya kwenye kadi. Hakikisha jina la mwenye kadi ni la anayekuuzia, au ana idhini ya maandishi. Nchini Kenya unaweza kuthibitisha umiliki kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA). Angalia faini za trafiki kwa namba ya gari, na uulize kama gari limewekwa dhamana ya mkopo. Lipa kupitia benki, mwandikiane mkataba mbele ya wakili, na mbadilishe umiliki bila kuchelewa. Gari linalotembea kwa jina la mtu mwingine ni mgogoro unaosubiri siku yake.

Hatua yako ya kwanza

Usisubiri fedha itimie ndipo uanze kujifunza. Wiki hii waombe majirani na marafiki wakuruhusu kukagua magari yao kwa utaratibu huu. Gusa boneti, soma tarehe za matairi, uliza mkanda au cheni, kaa kwenye kiti cha dereva usikilize. Gari la kwanza litakuchanganya, la pili litakuonyesha ulichokisahau, na baada ya machache utaanza kuona mambo ambayo wenyewe hawajayaona. Ujuzi huu hauhitaji shahada wala mkono wa fundi. Unahitaji subira, macho, na ujasiri wa kumwambia muuzaji, "Asante, hili siyo langu," hata kama umeshalipenda. Mwenye ujasiri huo hupata gari linalomfaa, na akilipata hulifurahia kwa sababu anajua kwa nini alilichagua.